Petroli Iliyopotea Bila Kumwagika

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Helka alibeba kuni hadi sauna, kile chumba kidogo cha mvuke kando ya ziwa, akawasha jiko. Moto uliposhika vizuri, alivuka ua kwenda kumwita jirani yao, mzee Kauko, aje kuoga. Mambo yalikuwa hivyo tangu Helka hajazaliwa. Jumamosi hii jiko aliliwasha, lakini ua hakuuvuka.

"Usimwite," mama yake, Raili, alikuwa amemwambia. "Kwanza nijue kinachoendelea bandani."

Kilichoendelea bandani kilianza wiki mbili nyuma, baridi ya kwanza ilipopiga. Pikipiki ya mama, aliyokwenda nayo kazini majira yote ya joto, ilikuwa imeingizwa bandani ilale mpaka theluji iyeyuke. Kwa mara ya kwanza, mama alimwachia Helka kazi ya kuiandaa. Helka alikuwa na miaka kumi na mitatu.

"Jaza tangi mpaka juu kabisa," mama alimwelekeza. "Likibaki na nafasi, unyevu unaingia, kutu inaanza kwa ndani. Tia dawa ya kuzuia petroli isiharibike. Kisha washa injini dakika kumi, mlango ukiwa wazi, dawa ifike mpaka kwenye kabureta. Ukishazima, funga koki ya mafuta, ile inayozuia petroli isishuke kutoka kwenye tangi. Pikipiki hii imezeeka, koki usiisahau."

Helka alijaza, akatia dawa, akawasha. Alipozima tu, rafiki yake akamwita kutoka barabarani. "Ziwa limeanza kuganda, twende tukarushe mawe tusikie yanavyolia juu ya barafu!" Helka akatoka mbio.

Jioni mama akamuuliza, "Na koki?"

"Nimefunga," Helka akajibu huku akitafuna. Neno lilimtoka tu. Kesho yake alikuwa hata halikumbuki.

Baada ya wiki moja alifungua kifuniko cha tangi ili aifurahie kazi yake. Petroli ilikuwa imeshuka vidole viwili. Akapiga magoti, akapapasa sakafu chini ya pikipiki. Kavu kabisa. Alipoinua macho, aliona pembeni msumeno wa mzee Kauko na dumu lake jekundu la mafuta. Mzee alikuwa na ufunguo wa banda hilo, maana la kwake liliangushwa na theluji mwaka uliopita.

Tangu siku hiyo Helka hakumwondolea macho. Kila alasiri alitumbukiza kijiti ndani ya tangi, akakwaruza alama kwa msumari, na kila alasiri alama ilikuwa chini ya ile ya jana. Mzee Kauko aliingia na dumu, akatoka na dumu, huku akipiga mluzi. Mtu mwenye moyo safi anapigia nini mluzi kwenye baridi namna hii? Helka alijiuliza.

"Vipi, askari," mzee alimwambia siku moja alipomkuta amebanza nyuma ya mlango. "Leo zamu yako?"

"Nasoma tu," Helka akasema. Mkononi hakuwa na kitabu.

Siku hiyo hiyo akamweleza mama.

"Kauko?" mama akasema. "Nimemjua tangu nikiwa mdogo kuliko wewe."

"Basi petroli imekwenda wapi, mama? Sakafu ni kavu."

Mama alinyamaza, na kimya kile Helka alikichukua kuwa ndiyo.

Sasa, moshi wa sauna ukiwa bado mzito, mzee Kauko alikuja mwenyewe, taulo begani.

"Moshi nimeuona, mwito sijausikia," alisema. "Siku hizi mnaoga kwa siri?"

Mama hakucheka. "Kauko, naomba unirudishie ufunguo wa banda."

Mzee alimtazama mama, kisha Helka. "Kuna nini?"

"Petroli ya pikipiki inapungua. Wenye ufunguo ni sisi na wewe."

Mzee Kauko alishusha taulo begani. "Mafuta ya msumeno wangu nanunua mwenyewe. Ufunguo utaupata. Lakini kwanza twende nikaione hiyo pikipiki."

Bandani hakuangalia tangi. Alichuchumaa, magoti yakilia, akafungua kifuniko cha oili ya injini, akachovya kijiti cha kupimia na kukinusa. Kisha akampa Helka.

"Nusa."

Oili ilikuwa nyepesi kama chai, imepita alama ya juu, na ilinuka petroli.

"Petroli yenu hiyo hapo," mzee akasema. "Imepita kwenye kabureta, ikateremkia ndani ya injini. Mngeiwasha hivi, mngeiua." Akaonyesha kwa kidole chini ya tangi. "Na koki iko wazi."

"Haiwezekani," mama akasema. "Helka aliifunga." Akamgeukia mzee polepole. "Labda uliigusa wewe, ukipita na msumeno."

Helka aliitazama koki. Hakuhitaji kusema lolote. Mama alishamtafutia pa kutokea. Angenyamaza tu, na mzee angeacha ufunguo na kwenda zake.

"Sikuifunga," akasema, macho yake sakafuni. "Nilikimbilia ziwani. Uliponiuliza nilikudanganya, mama. Mzee Kauko hajagusa kitu."

Mama aliiva uso kwa aibu. "Kauko, nisamehe. Mtu mzima hapa ni mimi."

"Kwa hiyo wiki nzima nimekuwa mwizi," mzee akasema, "na sikupata hata faida yake. Lete beseni, Helka."

Walimwaga oili yote. Helka alilala kwenye sakafu ya baridi akilishika beseni, mzee akafungua kabureta, akatoa chembe ya uchafu iliyozuia vali yake isijifunge, petroli ikawa inapita. Wakatia oili mpya, wakajaza tangi tena. Koki aliifunga Helka, na mzee akaikagua mara mbili.

Mama alijifuta mikono. "Kusahau koki ni kosa la dakika moja," alisema. "Ungeniambia jioni ile, ningekuja kuifunga, yakaisha. Ulipolificha, likahitaji mtu wa kulibeba, tukamtwisha asiyehusika. Na mimi nilikusaidia kumtwisha."

Helka aliinuka, magoti yake yakiwa meusi kwa oili. Akamgeukia mzee Kauko na kumwomba radhi, safari hii akimtazama usoni.