Shikilia Ili Kumaliza Safari

Simu ya marehemu ilinena mchana kweupe. Ilikuwa juu ya kabati la vyombo, imechomekwa chaji, kioo kimepasuka toka pembe hadi pembe, wala hakuna aliyeigusa. Ikasema kwa ile sauti yake ya kike isiyo na haraka: "Safari inaendelea."

Mshonaji alikuwa anapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Akajichoma.

"Mama," aliita, kidole mdomoni. "Umeitikisa hiyo simu?"

"Niitikise nina wazimu?" mama mkwe alijibu toka chumbani. Kisha, kwa sauti ndogo: "Imesema nini?"

Walikuwa wamesikia wote wawili.

Mume wa mshonaji, mtoto wa pekee wa yule mama, mtaa mzima walimwita Breki, kwa sababu hakuzipenda. Alisambaza mikate kwa baiskeli, kreti nyuma, kifua mbele, na kila alfajiri akitoka ungedhani anakimbizwa. Madukani zilikuwapo kompyuta za baiskeli, vidude vya kufunga kwenye usukani vikuambie kasi na umbali. Breki alizicheka. Alichukua simu yake ya zamani, akaifunga kwenye usukani kwa vipande vya tyubu, akaivalisha mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua, akaiwekea programu inayochora njia unayopita na kukutajia mwendo wako kwa sauti. Tairi zikisimama, yenyewe husema, "Safari imesimama." Zikitembea, "Safari inaendelea." Ukitaka kuifunga safari kabisa, unabonyeza duara jekundu na kulishikilia mpaka lijae. Chini yake pameandikwa: Shikilia ili kumaliza. Aliyeitengeneza hakutaka mtu afunge safari yake kwa kupitiwa.

Breki hakuwa akishuka kwenye baiskeli kabla hajajisifu.

"Sindano!" angepaza sauti toka nje, maana ndivyo alivyomwita mkewe. "Leo nimeipita pikipiki mlimani!"

"Ilikuwa imeharibika."

"Imeharibika kwa aibu!"

Hapo ndipo angelishikilia lile duara, akaingia ndani akinuka jasho, grisi ya mnyororo na mkate.

Siku moja lori lilimkuta darajani, akirudi na kreti tupu. Watu walileta baiskeli iliyopinda na simu iliyopasuka. Mwenyewe alipelekwa hospitali, na huko hakudumu. Kwenye kioo cha simu palikuwa na nukta ya buluu juu ya daraja, na maneno: Safari imesimama. Duara jekundu lilikuwa linangoja kidole. Mke hakuweza. Mama hakutaka hata kusikia. Walizika, watu wakaja, watu wakaondoka, na safari ya Breki ikabaki wazi juu ya kabati la vyombo. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, mama mkwe aliichomeka chaji. Wapo watakaosema ni ujinga. Na waseme, hawajazika mtoto.

Sasa ile simu ilikuwa imenena. Mshonaji aliishusha, akaifuta kwa pindo la gauni, akatazama. Nukta ya buluu haikuwa darajani tena.

Kesho yake aliivingirisha kwenye kitambaa, akaipeleka kwa fundi simu, rafiki wa marehemu, mtu wa mizaha.

"Shemeji, hizi setilaiti nazo zina mambo," fundi alisema, akiilaza mezani. "Juzi simu yangu imeniambia niko katikati ya bahari. Nikajipapasa kama nimelowa." Akacheka. Akawasha taa yake ndogo, akainama, akaacha kucheka. "Ilikuwa wapi mara ya mwisho?"

"Darajani."

"Sasa iko kituo cha mafuta."

"Labda imechanganyikiwa, si umesema?"

"Simu ikichanganyikiwa, shemeji, nukta inaruka. Inadunda huku na huku kama kiroboto." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hii hairuki. Hii inafuata barabara. Tazama, imepunguza kwenye kona. Imelala hapa mezani kwangu na inapunguza mwendo kwenye kona."

Wote wawili waliitazama. Toka ndani ya kioo kilichopasuka ilikuja harufu ndogo, grisi na mvua. Fundi aliifunika kwa kile kitambaa kama mtu anayefunika uso wa maiti.

"Izime," mshonaji alisema.

"Nimebonyeza mara tatu. Haizimiki." Alimrudishia kwa mikono miwili. "Shemeji, mimi natengeneza vioo na chaji. Kuna mzee mmoja nyuma ya karakana ya magodoro, anasomea watu. Nenda. Na usinitaje."

Hakwenda. Hasira zilimshika njiani. Aende kwa mganga kumshtaki mumewe kwamba anarudi nyumbani? Alirudi na simu yake, akaiweka pale pale.

Nyumbani alimkuta mama mkwe kalala, na hilo halikuwa la kawaida, maana yule mama alikuwa haketi. Shuka lilikuwa limemfika kiunoni. Chini ya shuka miguu ilikuwa inakwenda, mmoja juu, mmoja chini, polepole, kama ya mtu anayekanyaga pedali.

"Mama!"

"Usinisemeshe," mama mkwe alisema, akihema. "Yuko kwenye mlima wa kiwanda cha matofali. Pumzi zinanikata."

"Nani yuko mlimani?"

Mama alimgeuzia uso. Ulikuwa umelowa jasho, na ulikuwa na furaha. "Unaniuliza nani?"

Toka kabatini simu ikasema, "Safari imesimama," na ile miguu ikatulia hapo hapo, ikaanguka kitandani kama kuni. Mshonaji alilifunua shuka. Vifundo vilikuwa vimevimba na misuli ya mashavu ya miguu imekakamaa kama kamba. Akamshika mikono, na viganjani, pale mtu anaposhikia usukani, akakuta malengelenge mabichi.

"Mama, huyu anakumaliza."

"Animalize. Mimi miguu yangu nimeitumia inavyotosha." Akamvuta karibu, akanong'ona kama msichana anayetoa siri. "Atafika kesho mchana. Pika wali mwingi."

Ndipo mshonaji alipokwenda nyuma ya karakana ya magodoro, hajavaa hata viatu.

Mganga hakuwa na vibuyu wala ngozi za wanyama. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, asiye na subira. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Hiyo safari, mwenyewe aliifunga?"

"Alikufa, mzee. Angeifungaje?"

"Na nyie?"

"Hatukuweza."

"Basi mmeacha mlango wazi na sasa mnashangaa mgeni," mganga alisema. "Yuko jini wa njiani. Huyu hana miguu. Hukaa pale watu wanapokatikiwa na uhai, akangoja safari isiyofungwa, akaipanda kama wewe unavyopanda gari. Atavaa mwendo wa marehemu, harufu yake, sauti yake. Ila ni lazima apate miguu ya mtu wa kumwendesha, na haipati ila kwa yule anayemtaka sana marehemu arudi."

"Akifika?"

"Hatateremka. Ataingia kwa yule yule, na yule mama ataendelea kukanyaga mpaka aishe."

"Njoo basi umtoe!"

"Nitakuja nisome. Lakini kidole si changu. Kidole ni cha mke."

Kesho yake mchana jua lilikuwa kali na mtaa umelala. Mganga aliketi sebuleni, mkononi chupa ya maji, midomo ikimchezacheza kwa kisomo. Mshonaji alisimama katikati ya sebule ameishika simu, na chumbani kwake mama mkwe alikuwa anakanyaga, anakanyaga, kitanda kikilia kwa kila mzunguko, na nukta ya buluu ilikuwa imeshapita duka la mikate, imeshapita uwanja, inakata uchochoro wa nyuma ambao Breki pekee ndiye aliyeuita njia. "Kasi inaongezeka," simu ilisema. Harufu ya grisi ikaja kwanza, kisha ya jasho, kisha harufu ya mkate wa moto, ikajaa nyumba nzima kama asubuhi za zamani, na nje, kwenye uchochoro uliokuwa hauna hata kuku, akasikia mnyororo ukizunguka, karibu, karibu zaidi, tairi zikilamba changarawe, na ule mlio wa kreti tupu kugongana na chuma, mlio ambao kwa miaka yote ya ndoa ulikuwa ukimwambia ainuke akaweke maji ya kuoga, ukaja mpaka ukutani, mpaka kizingitini, ukasimama.

Kengele ya baiskeli ikalia, ile ile, yenye kikwaruzo.

"Safari imesimama," simu ilisema.

Kitanda kikanyamaza. Mlangoni, kwa upenyo wa chini, palikuwa na kivuli.

"Nifungulie," sauti ya Breki ilisema.

"Bonyeza," mganga alinong'ona.

Akabonyeza duara jekundu. Mstari mweupe ukaanza kulizunguka.

"Sindano," ile sauti ikasema. "Nimechoka. Nimetoka mbali."

Kidole kikainuka chenyewe. Duara likafutika. Mganga alitukana chini kwa chini, akarudi kwenye kisomo, na sasa jasho lilikuwa linamtiririka na yeye.

"Kama ni wewe," mshonaji alisema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua, "nitanie. Hujawahi kuingia nyumba hii bila kunitania. Sema umeipita pikipiki. Sema wali wangu una mawe. Sema lolote, mume wangu, nitafungua, naapa nitafungua."

Kitu kikagusa mbao za mlango toka nje, chini kabisa, kwenye usawa wa mguu.

"Kasi ya wastani," ikasema, kwa sauti ile ile ya Breki, tamu, yenye uchovu. "Umbali uliobaki, hakuna. Nifungulie. Kasi ya wastani. Sindano. Nifungulie."

Mshonaji alilia kama mtoto, akakandamiza kidole kwenye kioo kilichopasuka mpaka vipande vikamwingia kwenye nyama. Mstari ukazunguka. Ndani mama mkwe akapiga yowe: "Usiifunge! Mwanangu yuko mlangoni! We mwanamke, usiifunge!" Mlango ukaanza kutikisika, si kwa kupigwa, bali kwa kuegemewa, na kile kilichouegemea kikawa kinatoa milio yote kwa pamoja, kengele na mnyororo na kicheko cha Breki na mlio mmoja wa lori likifunga breki kwenye lami iliyolowa, na damu ya kidole ikatambaa juu ya duara, na mganga amesimama, amemwaga maji yote kizingitini, na mstari haukuwa umebakiza ila upana wa unywele, na mshonaji akasema, "Pumzika, baba," akimwambia yule aliyekuwa kaburini, si huyu wa mlangoni.

Duara likajaa.

"Safari imekamilika," simu ilisema. Kioo kikawa cheusi. Harufu ya mkate ikaondoka kwa mkupuo, na nyumba ikanuka kama nyumba.

Mganga alikunja mikono ya shati, akachukua chupa yake. Hakutaka wali.

Mama mkwe alipona. Uvimbe ulishuka, malengelenge yakakauka, baada ya siku chache akawa anashika ukuta na kutembea. Lakini hakusema na mke wa mwanawe. Chakula alikula, dawa alimeza, mgongo alikubali kusuguliwa, ila neno hakutoa. Mshonaji alivumilia mpaka akashindwa. Yeye naye ana damu.

"Mama, ungekufa!" alisema jioni moja, akiirusha nguo aliyokuwa anashona. "Nilikuokoa. Yule hakuwa mwanao. Alikuwa jini, unanisikia? Jini aliyevaa sauti yake!"

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda, ameuelekea mlango ulio wazi. Aligeuka polepole. Usoni hamkuwa na hasira.

"Kumbe ulidhani sijui?" alisema. "Nimemzaa mimi. Toka siku ya kwanza, yule alivyoukanyaga ule mlima, nilijua si yeye. Mwanangu alikuwa anapanda kwa kusimama. Yule alikaa."

"Sasa kwa nini, Mama?"

Mama mkwe alirudisha macho nje. Uchochoro ulikuwa mtupu, na mtu mmoja wa mbali alikuwa anaingiza baiskeli yake kwao.

"Kwa sababu alikuwa anakuja," alisema. "Sasa hakuna anayekuja."

Mshonaji alivuta kigoda cha pili, akakaa kando yake, wakautazama ule uchochoro wote wawili mpaka giza likauficha, wala hakuna aliyeinuka kwenda kufunga mlango.