Ndiyo Iliyotiwa Shaka

"Maua ya bangi, gramu kumi na tano, ya kuvuta kwa mashine ya mvuke! Ni yako, Bibi Harms?"

Mfamasia alikuwa na sauti ya muuza samaki. Foleni nzima ya duka la dawa la stesheni kuu ya Bremen ikanyamaza. Hata mzee mmoja aliyekuwa akikohoa akaahirisha kikohozi chake. Wiebke Harms, mshonaji wa mavazi ya jumba la maigizo, akahisi masikio yakimwaka chini ya kofia yake ya sufu ya rangi ya haradali. Miaka mitatu mguu wake wa kushoto ulikuwa ukimchoma kama pasi, tangu gurudumu la baiskeli liliponasa kwenye reli ya tramu na neva ikaumia. Vidonge alishameza vya kila aina. Vingine vilimlaza mchana kutwa, vingine vilimtapisha. Leo ndipo daktari alipomwandikia cheti cha dawa hii, halali kwa sheria ya Ujerumani, na sasa anatangaziwa hadharani!

"Na mimi nimefuata dawa ya minyoo," akasema mwanamume aliyesimama nyuma yake. "Zamu yangu ikifika, tafadhali tangaza kwa sauti hiyohiyo."

Watu wakaangua kicheko. Wiebke akageuka. Mwanamume alikuwa mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, koti la kahawia limepungukiwa kifungo kimoja.

"Una minyoo kweli?"

"Ni paka wangu. Lakini hawa hawajui."

"Kifungo chako kimeenda wapi?"

"Kimetangulia kumtafuta fundi."

Aliitwa Jannis Pohl, kazi yake kurekebisha sauti za piano mashuleni na majumbani. Walikunywa kahawa palepale stesheni, wakasahau tramu tatu.

Dawa ilimfaa Wiebke. Haikuufuta uchungu, ila iliusogeza mbali kidogo, kama jirani mgomvi aliyehamia mtaa wa pili. Alianza kulala, kisha kucheka, kisha kupenda. Simu haikupumzika.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula supu ya dengu. Na wewe?"

"Nimekula vumbi la piano. Niachie bakuli moja."

Jumapili moja ya Novemba, saa kumi na moja jioni, Wiebke alikuwa amekaa sebuleni na gauni lake la buluu, mashine ya mvuke imezimwa punde tu. Jannis akaweka kikombe chini.

"Wiebke, tuoane."

"Ndiyo," akajibu papo hapo, akitabasamu.

Badala ya kuruka kwa furaha, Jannis akaitazama ile mashine. "Na kesho asubuhi utasema hivyohivyo?"

Tabasamu likafa. "Una maana gani?"

"Nauliza tu. Usije ukawa..."

"Ukawa nini? Mlevi? Malizia!"

"Sikusema hivyo, mpenzi."

"Macho yako yamesema. Miezi minane nilibishana na bima ili nipate dawa hii, na wewe unaniona mvuta bangi wa uchochoroni! Chukua koti lako."

Akaondoka. Lakini swali lilibaki, limejikunja kitandani kando ya Wiebke. Je, alimpenda Jannis, au alipenda kutoumwa? Kabla ya dawa hakuwa amempenda mtu kwa miaka mitatu. Kichwa kikamzunguka. Mwishowe akafanya jambo la kijinga: akaiacha dawa bila kumwambia daktari, ajipime moyo.

Siku ya nne maumivu yakarudi na jeshi zima. Mkasi ulimponyoka kazini, akishona koti la mfalme wa jukwaani. Alimkumbuka Jannis, papo hapo akamchukia, kisha akashindwa kujua kama anayemchukia ni Jannis au ni mguu. Saa nne asubuhi akampigia simu.

"Uko wapi?"

"Shule moja, ndani ya piano. Kuna nini? Mbona sauti yako hivyo?"

"Nimeacha dawa. Nilitaka kujua."

"Umeacha? Wewe mwanamke! Usiinuke hapo."

Alifika anahema, funguo za kukazia nyuzi zingali mkononi. Wiebke alikuwa ameketi sakafuni katikati ya vitambaa, uso umempauka.

"Sikiliza," akasema. "Siku ile nilisema ndiyo nikiwa na dawa. Leo sina hata chembe, naumwa mpaka meno, na jibu ni lilelile. Lakini nakwambia ukweli, Jannis, bado nimechanganyikiwa. Uchungu nao unalevya. Sijui ni lini mimi ni mimi."

Jannis akakaa sakafuni naye. "Mimi situmii chochote, na nilipokuomba tuoane sikujielewa. Niliogopa. Nikaona heri niitilie shaka ndiyo yako kuliko kuikiri hofu yangu. Nisamehe."

"Basi sote hatujui."

"Hatujui. Twende kwa daktari?"

"Nishike kwanza."

Daktari Osterkamp alimgombeza bila kumwonea haya: dawa haiachwi kiholela kwa sababu ya mapenzi. Kisha akaanza kuandika cheti kipya, akamtazama Jannis juu ya miwani.

"Na huyu ni nani?"

"Mchumba wangu," akajibu Wiebke, akashangaa jinsi neno lilivyotoka bila kujikwaa, ilhali mguu ulikuwa ungali ukimwaka moto.