Rupia ya Babu Kwenye Sufuria

Nilimkunja Kasmiri shati mbele ya wodi nzima!

"Mwizi mkubwa wewe! Umempaka Mayu dawa yangu!"

"Dada, dawa gani? Mimi..."

Paah! Kofi. Mdogo wangu wa tumbo moja.

Msinihukumu kwanza. Daktari alikuwa ametoka kuniambia kidonda cha Mayu, mama yetu, alichojikata unyayoni kwa jembe akipalilia pamba, kimepanda hadi kifundo cha mguu.

"Vidonge ameviacha, siku ya tisa sasa. Anasema anaosha kwa maji ya fedha. Huenda tukakata mguu."

Maji ya fedha!

Ukoo mzima anayeyajua ni mimi, Wilhelmina. Niko chuo Mwanza. Nachanganya maji ya majani ya mwarobaini na chumvi ya fedha, zinazaliwa chembe za fedha ndogo ajabu, zinaua vijidudu sugu vilivyokwisha kuzizoea dawa. Ila ni kwenye sahani ya maabara. Kwa binadamu bado!

Likizo nilikuja na chupa moja, nikaisahau kabatini. Na nyumbani alibaki nani? Kasmiri!

Nikarukia bodaboda kwenda nyumbani kutafuta ushahidi. Leo analala polisi, niliapa.

Chupa ilikuwepo. Kizibo hakijaguswa...

Nikaingia jikoni. Sufuria imejaa mwarobaini uliochemka mpaka ukawa mweusi. Nikazamisha mkono.

Rupia! Ile rupia ya fedha ya Mjerumani aliyotuachia babu, iliyofungwa kwenye kitambaa miaka yote. Mama ameichemsha na majani!

Nilirudi wodini nafoka.

"Mayu, nani kakufundisha huu ujinga?"

Akanishangaa.

"Si wewe, mwanangu? Lucy jirani alinionyesha kwenye simu. Umevaa koti jeupe, unasema mwarobaini na fedha tu, vijidudu sugu chali! Nikasema, mtoto wangu kasema, vidonge vya nini tena?"

Video yangu... Sekunde kumi na tisa. Watu elfu arobaini waliitazama. Sikutaja sahani. Sikusema binadamu bado. Ingekuwa ndefu, na mimi nilitaka laiki!

Kumbe Kasmiri ndiye aliyembeba Mayu mgongoni hadi barabarani ili amlete hospitali, huku Mayu akimgomea kwa jina langu: binti yangu msomi kasema!

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Mimi ni kofi tu, dada. Mguu je?"

Asubuhi walikata, chini ya goti.

Video nimeifuta. Ninyi mlioisambaza, ifuteni huko mlikoitupa! Sarafu haigeuki dawa kwa kuchemshwa, na vidonge ulivyopewa, vimalize. Nawe msomi mwenzangu, ukisema nusu, kuna mama atakayeimalizia kwa sufuria yake.

Nina hasira, na sina wa kumpiga kofi tena.

Jana Mayu kanishika mkono, akaniuliza taratibu:

"Wilhelmina... au ile rupia sikuichemsha vya kutosha?"