Kibla Ndani ya Ukungu

"Mbuzi wawili wamepanda. Mmoja amevaa kengele."

Redio ya Motorola ikakwaruza, ikanyamaza.

Doyo aliipunguza sauti akaitia ndani ya koti. Sauti ilikuwa ya Umulkheir, mkuu wake kule Isiolo, na mama huyo hapotezi betri kwa utani. Mbuzi ni yeye Doyo na rafiki yake Abdiwali, aliyekuwa mbele kidogo asisikie. Kengele ni kitu kinachowaambia maadui mahali walipo.

Na katika msafara wao juu ya Mlima Kenya hakukuwa na mtu wa tatu.

Baridi ya huko si ya mchezo. Ukitema mate, yanagonga jiwe kama kokoto. Wawili hao walikuwa wamezunguka mabonde siku kadhaa, wamevaa kitalii: mabuti ya Salomon, mabegi makubwa mgongoni, kofia za sufu. Chini ya sufu, Doyo alikuwa na bastola ya Ceska.

Walimwinda Mbelgiji mmoja aliyebeba vilipuzi, akiongozwa na mlanguzi aitwaye Kahin. Kila walipokaribia, walikuta majivu bado ya moto na watu wameshahama.

Kila mara.

"Walaal, ndugu yangu, hawa watu wana majini," Abdiwali alisema, akipuliza vidole.

"Majini gani yanaweza baridi hii?"

Abdiwali alicheka. Alikuwa mtu wa malori, kama baba yake na babu yake. Walikua pamoja mtaa wa Bulapesa, Isiolo, wakaibiana mpaka samosa za Idi. Doyo alimchagua mwenyewe kwa safari hii. Hakumwambia vilipuzi vinakwenda wapi. Alimwambia ni magendo tu.

Ukungu ukashuka alasiri. Mzito. Ungenyoosha mkono ungedhani umekatwa.

Simu zilibaki Isiolo kwa amri ya Umulkheir, zisije zikafuatiliwa. Dira ilivunjika siku ya kwanza. Abdiwali aliikalia, akaomba msamaha mpaka Doyo akamwonea huruma. Tangu hapo, jua likijificha, walikuwa wanakisia kibla, wanabishana kidogo, wanaswali.

Leo Abdiwali alienda nyuma ya jabali kutawadha. Aliporudi hakubishana. Alitandika koti lake.

"Kibla ni huku."

Wakaswali. Abdiwali mbele, Doyo nyuma.

Baada ya salamu, Doyo alijifanya kufunga kamba za buti. Kisigino cha kushoto kilizunguka kama kifuniko. Ndani yake mlikuwa na dira ndogo kama shilingi. Hata Umulkheir hakujua habari zake.

Kaskazini, na kuegemea mashariki kidogo.

Sawasawa kabisa. Hakuna anayekisia hivyo kwenye ukungu.

Doyo akachomoa Ceska.

"Kitoe, Abdi."

"Nini?"

"Ulichoangalia huko nyuma ya jabali."

Abdiwali aliitazama bastola. Kisha akamtazama rafiki yake. Polepole akatoa Garmin ya manjano, kifaa cha setilaiti cha kuonyesha njia na kutuma ujumbe, kutoka ndani ya soksi, akamkabidhi. Taa yake ya kijani ilikuwa inapepesa.

"Siku zote unakisia," Doyo alisema. "Leo umeshindwa nini?"

"Nilichoka kukisia mbele ya Mola na kibla niko nacho kwenye soksi."

"Na mimi? Hukuchoka kunidanganya mimi?"

Abdiwali aliinamisha kichwa.

"Kahin aliniambia ni baruti ya kupasua mawe machimboni," alisema. "Nikimwonyesha tuko wapi apite salama, atanipa kazi ya kubeba mizigo yake yote. Wallahi, Doyo, ni mawe tu."

"Si mawe. Watalipua mnada wa mifugo wa Oldonyiro. Jumamosi hii."



"Hoda anauza chai pale," Abdiwali akasema.

"Najua."

"Binti yangu anauza chai pale, na ulijua, na hukuniambia?"

"Niliapa nisimwambie mtu."

Abdiwali aliketi juu ya jiwe kama mzigo ulioangushwa. Aliposimama tena, macho yalikuwa makavu.

"Wananiamini. Nirudishie hicho kidude."

Nyuma yao palikuwa na korongo. Walikuwa wamelipita asubuhi kwa kamba, huku wamekumbatia ukuta wa mwamba. Abdiwali alivuka tena peke yake. Akifika ng'ambo, angemtumia Kahin ujumbe kwa Garmin: Njia nyeupe. Njooni nilipo.

Doyo alijilaza kati ya mawe, ukingoni. Alitambaa upesi mno. Kisigino kiling'oka kikabingiria kusikojulikana, pamoja na dira yake.

Hatua zikasikika. Watu wawili.

"Abdiwali!" Kahin aliita.

"Moja kwa moja!" ikajibu sauti kutoka ng'ambo. "Kanyaga tu, hapa ni tambarare!"

Kahin alikanyaga.

Hakukuwa na pa kukanyaga.

Ukelele wake ulishuka muda mrefu. Mbelgiji alisita hatua moja nyuma, akainua bunduki, akamwaga risasi zote kwenye ukungu, kule ilikotoka sauti.

Doyo alifyatua mara moja.

Mbelgiji alianguka juu ya begi lake. Vilipuzi vyote vilikuwa ndani, vimefungwa vizuri kama zawadi ya harusi.

"Abdi?"

Korongo lilirudisha jina hilo tupu.

Alibeba begi, akavuka kwa kamba, akamkuta Abdiwali ng'ambo, risasi ya kifuani, Garmin bado mkononi. Alikuwa ameshakata roho.

Doyo alikusanya mawe ya kaburi. Ukungu ule ule. Kaskazini ni wapi? Akaifungua mikono ya rafiki yake, akachukua kile kidude, akasoma. Kisha akamlaza ubavu wa kulia, uso kibla, sawasawa kabisa, akamswalia peke yake.

Motorola ikakwaruza.

"Kengele?"

"Imenyamaza. Mzigo ninao."

"Na mbuzi wa pili?"

Doyo alitupa Garmin korongoni. Hakusikia ikifika chini.

"Hashuki."



"Nimwambie nini binti yake?"

"Usimwambie. Naenda mwenyewe. Jumamosi nitakunywa chai yake kwanza."

Akavaa begi la Mbelgiji mgongoni, akaanza kuteremka, buti moja fupi kuliko lingine.