Mstari wa Pili

Kompyuta iliandika watu wawili, na kwenye rekodi alikuwepo mmoja tu.

Mwenye kompyuta hiyo alikuwa mwanamke mnukuzi wa muziki. Kwaya zilimtumia nyimbo zilizorekodiwa kwa simu, anaziingiza kwenye programu, programu inasikiliza na kuandika nota, kisha yeye anasahihisha na kuchapa. Kusahihisha ndiyo kazi yenyewe, maana programu ile ilijaliwa masikio ikanyimwa akili: mtu akikohoa iliandika nota, lori likipiga honi iliandika besi. Makapi hayo aliyafuta bila hata kufikiri.

Alasiri hiyo hakuwa na kazi ya mtu. Aliingiza rekodi ya marehemu mumewe akipiga gitaa peke yake sebuleni, wimbo alioutunga akaondoka duniani bila kuuandika popote. Miezi minane mjane huyu alikuwa ameogopa kuusikiliza. Rekodi ilikuwa hiyo moja, na hakuna mwingine aliyeujua. Alitaka uwe kwenye karatasi, asiupoteze na wenyewe.

Programu ikamletea mistari miwili. Wa kwanza gitaa. Wa pili sauti ya mtu, nota tano tu, pale gitaa lilipopumzika.

"Friji hiyo," alijiambia kwa sauti. Siku hizo alikuwa akijisemesha ili nyumba isimlemee.

Akasogeza kipanya afute, na hapo ndipo mazoea yalipomponza. Nota ya nne ilikuwa juu kidogo, inagombana na gitaa, na mkono uliosahihisha kwaya miaka kumi na tisa haukuvumilia. Akaishusha nusu toni. Akaicheza. Ikakaa vizuri mno, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kesho yake zile nota tano zilikuwa thelathini.

Siku ya tatu mdogo wake wa kike alimpigia simu. "Dada, una wageni?"

"Wageni watoke wapi?"

"Namsikia mtu anaimba hapo."

"Kompyuta hiyo."

"Kompyuta inavuta pumzi, dada?"

Alicheka, akakata simu. Sebule ilinuka udongo mbichi, na nje jua lilikuwa linawaka. Ukweli usemwe: hakuogopa, alifurahi. Miezi minane alikuwa akiosha sahani moja na kikombe kimoja, na sasa palikuwa na wa kumngoja. Kila akimaliza chakula cha mchana aliketi, akarekebisha nota hapa, akarefusha pale, na mstari wa pili ukanenepa.

Siku ya sita ndipo alipohesabu kurasa. Gitaa, lililokuwa na kurasa nne, lilibaki na mmoja. Akaichukua simu aisikilize rekodi yenyewe, ambayo programu ilipewa nakala yake tu, na pale palipokuwa na vidole vya mumewe akakuta patupu, na ndani ya utupu ule mtu akavuta pumzi akaishikilia, kama mwimbaji anayemtazama mwalimu wa kwaya ampe ishara, na mnukuzi akajua kwamba anayengojwa ni yeye, na harufu ya udongo ikapanda mpaka kisogoni, na kando yake, bila haraka, mto wa kiti cha marehemu ukabonyea.

Alitoka nyumbani bila viatu.

Mdogo wake alimleta mganga, mzee mmoja mpole mwenye kikohozi. Mzee aliishia ukumbini, sebuleni hakutia mguu.

"Ulimpa nini?" alinong'ona.

"Sikumpa kitu, mzee."

"Fikiri, mwanangu."

Mjane alifikiri. "Nilimsahihishia nota moja."

Mzee akafumba macho. "Basi ulimwitikia. Huyo hodi yake ni kosa dogo. Ukimrekebisha, umeshamkaribisha. Futa vyote, cha kompyuta na cha simu."

"Mume wangu yumo humo!"

"Amebaki kiasi gani?"

"Ukurasa mmoja."

"Na kesho?"

Aliingia mwenyewe, kwa kuwa mzee alisema mkono uliofungua ndio ufunge. Alifuta mstari wa pili, akafuta wa kwanza. Kwenye simu kidole kilimgomea, akalia kwa sauti, kisha akabonyeza. Ukumbini mzee alikuwa anasoma maneno yake kwa sauti ya chini. Madirisha yakagonga mara moja, ile harufu ikawapita wote watatu, mlango wa mbele ukafunguka, ukajifunga. Mzee akapangusa jasho na kusema kazi imekwisha.

Jioni wale ndugu wawili walikunywa chai. Nyumba ilikuwa kimya, kimya cha kawaida cha nyumba ya mjane.

"Uandike kwa kichwa, dada," mdogo mtu alisema. "Usiku huu huu, kabla hujausahau."

Alileta karatasi ya nota na penseli. Akaanza kuutafuta wimbo wa mumewe kwa kuvumisha mdomoni, polepole, na kilichotoka kilikuwa ule mstari wa pili. Akatikisa kichwa, akaanza tena. Ukatoka uleule, wote, bila kosa hata moja. Akatafuta ule wa gitaa, hata nota tatu za mwanzo, akapekua kichwa chake chote na hakukuta kitu. Akaweka penseli mezani. Machozi yakamdondoka kwenye karatasi tupu.

"Basi, dada," mdogo wake alisema, akirudi nyuma kuelekea mlangoni. "Nyamaza. Nakuomba, nyamaza."

Dada mtu akamtazama, midomo imefumbwa, viganja viwili juu yake, na wimbo unaendelea.