Jicho la Kushoto la Jemadari Kratz

Zama zile Wajerumani walipokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, mji wa Walmstedt haukuwa mkubwa wala mdogo. Ulikuwa na kuta mbili, mto ulionuka ngozi, na majivuno ya kuitosha miji kumi. Ungeweza kuudhihaki kwa lolote isipokuwa wazaliwa wake mashuhuri. Ukumbini mwa baraza walisimama, wamechongwa kwa mti wa mwaloni: tabibu aliyemponya mfalme, fundi wa saa, bibi aliyetunga nyimbo za kanisani. Na desturi ilishikwa kama dini. Mzaliwa akiitwa kuchongwa, huja bila silaha; na tangu patasi ya kwanza hadi ya mwisho hapana wa kumgusa, wala yeye hainui mkono juu ya mji.

Shali wa Siyu aliyasikia hayo akatikisa kichwa kwa raha. Alipenda mambo mageni, na ndiyo yaliyomtoa kwao. Alikuwa mchonga milango. Akafuatana na wauza pembe hadi Halab, kisha Venisi, kisha huku kwenye theluji, akavaa joho la sufi juu ya kanzu yake. Mchongaji wa mji alikuwa amekufa kwa tauni, basi baraza likamwekea Shali ahadi: amalize sanamu moja, naye apewe walinzi hadi merikebuni. Mama yake alikuwa hai bado huko Siyu, na hamu ya kumwona ilimkondesha.

Hapo ndipo mji ulipozingirwa. Jemadari wa maadui, Wendel Kratz, alikuwa mtoto wa mtengeneza ngozi wa Walmstedt hiyohiyo. Mizinga yake ikaubomoa ukuta wa nje, watu wakala panya. Ajabu ni kwamba hata hivyo walimwonea fahari.

"Umeona shabaha ile?" muuza mikate alimwambia Shali, kichwa chake kimefungwa kitambaa chenye damu. "Kijana wetu huyo! Kazaliwa mtaa wa pili hapo."

Mkuu wa mji, mzee Otmar, alipoishiwa na baruti na maarifa, akasema, "Tumwite achongwe."

Baraza zima lilicheka. Lakini tarumbeta ilipigwa langoni, mwito ukasomwa, na Kratz akaja peke yake, kiunoni hana upanga, viatu vimeng'arishwa. Hakuna aliyecheka tena.

"Baba yangu hakuruhusiwa kuvuka kizingiti hiki," Kratz alimwambia Shali alipopanda jukwaa la ukumbini. "Walisema ananuka."

"Inua kidevu, bwana jemadari," alijibu Shali, na moyoni akamhurumia.

Kazi ikaendelea. Mizinga ilikaa kimya. Juu ya ukuta uliovunjika wanawake walianza kununua kabichi kwa askari wa adui, na askari wakawasaidia kuteka maji. Sanamu ikapata mabega, ndevu, jicho la kulia. Watoto wakaanza kunenepa.

Ndipo mzee Otmar alipokuja na uso wa furaha. "Fundi, wauza pembe wanaondoka kesho. Maliza, uende kwenu."

Shali akamgeukia Kratz. "Na nikimaliza, bwana?"

Jemadari alitazama sakafu. "Nimemwapia mfalme wangu. Patasi ya mwisho ikishapigwa, nitarudi kwenye mizinga yangu. Sitaki, fundi, lakini nitarudi."

Katika busara yao yote, baraza halikuwa limefikiria siku sanamu itakapokwisha.

Shali akaegesha patasi kwenye jicho la kushoto. Pigo moja tu lilibaki. Akamwona moyoni mama yake ameketi kibarazani huko Siyu, akimngoja, na machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakuyaficha. Kisha akaiweka patasi chini bila kupiga.

"Mti huu ni mgumu sana mahali hapa," alisema.

Kratz akainua kidevu tena. Alikuwa ameelewa. "Utahitaji muda gani?"

"Umri wangu, bwana."