Roketi Chini ya Ng'ombe wa Bisil

"Maziwa yameharibika. Narudia, maziwa yameharibika."

Namalwa alipunguza sauti ya redio yake ya Motorola. Miaka yote hii kwenye ujasusi, na wakubwa bado wanaongea kama wachuuzi.

"Bwana Gakuru, sema kitu mtu ataelewa. Nimechoka."

Mkuu wake alikohoa huko Nairobi. "Roketi ni mbovu. Mtaalamu amefungua ile moja tuliyoshika mpakani. Baruti imezeeka, ikipata joto inajiwasha yenyewe. Simamisha hilo lori lisifike Kitengela."

"Na Peterson?"

Gakuru alikohoa tena.

"Mzee, Peterson amelala juu yazo!"

"Ndiyo nakuambia usimamishe."

Ilikuwa mwaka wa 2000, na majirani wa kaskazini walikuwa wanachinjana. Huko kusini, mbali, jeshi fulani lilikuwa limenunua ndege mpya za kivita. Roketi za ndege kuukuu zikabaki ghalani, hazina pa kufungwa. Zilitakiwa kuharibiwa. Mjanja mmoja akaziuza vitani. Zilivuka mpaka wa Namanga chini ya sakafu ya uongo ya lori la ng'ombe, na Peterson, kijana wa Namalwa wa kazi, akajipenyeza humo ili amjue mnunuzi wa Kitengela. Wenye lori wakapiga kufuli bila kujua wamefungia mtu.

Namalwa alikuwa akilifuata lile lori kwa Peugeot 504. Kabla ya Bisil, gurudumu likapasuka. Alipomaliza kubadilisha, akaona kibao cha namba aliyokuwa akiifuata kimetupwa mtaroni.

Na leo ni siku ya soko Bisil.

Malori yalijaa uwanjani, yote Isuzu, yote yana ng'ombe, yote yana vumbi. Jua lilikuwa utosini. Namalwa alitamani kulia.

"Peterson. Unasikia nini huko nje?" aliuliza redioni.

"Ng'ombe, madam. Lori limesimama."

"Wote wako na ng'ombe, Peterson!"

"Sasa unanigombeza na niko ndani ya jiko? Kuna harufu hapa inachoma pua. Fanya haraka, tafadhali."

Akijitangaza kuwa ni serikali, dereva atatimua mbio juu ya mashimo, na hapo kwisha maneno. Namalwa alijifunga leso, akaficha bastola yake ya Browning chini yake, akaingia sokoni kama mwenye bucha anayetafuta fahali.

"Sopa!" alimsalimu kwa Kimaasai mwenye lori la kwanza.

"Epa!"

Akauliza bei, akasonya, akapita.

"Sopa!"

"Epa, mama! Njoo uone huyu!"

Akapita. Jasho lilimtiririka mgongoni. Kwenye lori la kona alisimama jamaa mrefu, shuka jekundu, shanga, rungu mkononi. Mmaasai kabisa, ukimwangalia.

"Sopa!"

"Iko," jamaa alijibu kwa madaha.

Akina mama wauza maziwa walioketi karibu walipasuka kwa kicheko. Mmoja alijifunika uso kwa kanga.

Namalwa hakucheka. Ukipanga nyumba Kitengela miaka kadhaa, hata kama ni Mluhya, hili utalijua: mwanamume huambiwa sopa, akajibu epa. Iko ni jibu la mwanamke aliyesalimiwa takwenya. Huyu alifunzwa Kimaasai na mwanamke, akameza kila kitu kama kilivyo.

Jamaa alimsoma macho. Mkono ukaingia chini ya shuka.

Wa Namalwa ulitangulia. Browning iligusa mbavu.

"Usithubutu. Ukipiga risasi hapa tunaenda wote, mimi, wewe na soko zima. Mzigo wako umeoza. Nusa."

Jamaa alinusa. Moshi mwembamba wa kahawia ulikuwa unachungulia kati ya mbao. Rungu likamponyoka.

"Waliniambia ziko sawa!"

"Na wewe ukaamini. Lete funguo."

Namalwa aliinua bastola juu, akapiga kelele watu wakimbie. Wakakimbia, na ng'ombe nyuma yao. Kufuli lilikuwa linachoma vidole. Mlango ulipofunguka Peterson akaanguka kifudifudi kwenye mavi, midomo imepasuka, akikohoa.

Yuko hai. Asante Mungu, yuko hai.

"Wewe!" Namalwa alimgeukia jamaa. "Umeleta, utazima. Chota maji!"

Walichota kutoka birika la mifugo, jasusi na mhalifu, wakimwagia masanduku mtungi kwa mtungi. Moshi ukapungua. Ukakata.

Pingu zilipomkaa, jamaa alisema anaitwa Melvin, wa mtaa wa Embulbul. Bila kulazimishwa alitaja yadi ya Kitengela, na muda si mrefu Gakuru akathibitisha redioni kwamba mnunuzi ameshikwa.

"Mke wangu ndiye alinifunza Kimaasai," Melvin alinung'unika.

"Alikufunza vizuri. Hukumuuliza tu wanaume hujibu aje."

"Mnajisumbua, madam. Kila jeshi linabadilisha ndege siku hizi. Hizi kuukuu haziishi."

Maneno hayo yalimuuma Namalwa kwa sababu ni kweli.

Redio ikakwaruza tena. "Namalwa, kuna lori lingine Namanga. Uko na nguvu?"

"Sina. Lakini nakuja."

Peterson alikuwa ameegemea birika, maji yakimtiririka kichwani. Kumbe kule chini alikuwa amesikia kila kitu.

"Takwenya, madam," alisema kwa sauti iliyokauka.

"Iko," Namalwa alijibu. Akavaa miwani yake ya Ray-Ban haraka kabla Peterson hajayaona machozi, akaenda zake kutafuta mtu wa pancha.